Saa saba mchana nani yuko nyumbani?

Disemba inapokaribia, nyumba za likizo za Casuarina zikianza kufunguliwa madirisha kwa ajili ya wageni, watu wa Malindi huanza kuulizia mbwa. Nafanya kazi katika duka la dawa za mifugo, na daktari akiwa ametoka kwenda kutibu ng'ombe upande wa Ganda au Goshi, mimi ndiye ninayebaki na wateja. Mtu huja na simu mkononi, picha tayari iko kwenye kioo: Rottweiler aliyetoa kifua, au Husky wa macho ya buluu amekaa kwenye theluji. "Dada, huyu nitampata wapi, na ni pesa ngapi?" Nami humrudishia swali: saa saba mchana, mwezi wa Februari, nani yuko nyumbani kwako, na kivuli kiko upande gani?

Wengine hudhani nawazungusha. La. Mbwa mkubwa huishi miaka 8 hadi 10, mdogo hufika 14 na hata zaidi, na miaka yote hiyo ataishi kwa kufuata saa za nyumba yako: unapoamka, unapotoka, nani anabaki, nani anapika, geti linafungwa lini, kuku wa jirani wanalala wapi. Mbegu ya mbwa inapaswa kuwa jibu la maswali hayo. Duniani kuna mbegu zaidi ya 300 zinazotambuliwa na vyama vya wafugaji, na karibu kila moja ilitengenezwa na watu wa mahali fulani kwa kazi fulani. Ukimchukua mbwa umeichukua na kazi yake, hata kama nyumbani kwako kazi hiyo haipo.

Joto kwanza, maana ndilo linaloua. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Tezi zake za jasho ziko chini ya nyayo, na hazimfai sana. Anajipoza kwa kuhema: ulimi nje, hewa inapita juu ya mate, mate yanakauka na kuondoka na joto. Hewa ikiwa kavu, anamudu. Malindi, kaskazi inapolegea Februari na Machi, hewa imejaa mvuke wa bahari, kanga uliyoianika ndani inashinda mbichi, na mate ya mbwa nayo hayakauki upesi. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika, na hapo watu wanahesabu dakika.

Nilimwona Bulldog mmoja aliyeletwa kwa tuktuk adhuhuri ya mwezi wa pili. Hakuwa amekimbia wala kutembezwa. Alikuwa amefungwa kwenye veranda iliyoezekwa mabati, maji yake yamo kwenye sufuria iliyopigwa na jua tangu asubuhi. Ulimi ulikuwa umetanuka na kuvimba pembeni, ufizi mwekundu wa damu, na kila pumzi ilitoka kwa mkoromo kama msumeno kwenye ubao mbichi. Daktari alimlaza juu ya saruji, akammwagia maji ya bomba tumboni na mapajani, feni ikaelekezwa kwake, kipimajoto kikawa kinaingia na kutoka. Mwenyewe alitaka kumnywesha kwa nguvu, tukamzuia, kwani mbwa anayehema namna ile maji humwingia mapafuni. Alipona. Lakini daktari alimwambia mwenye mbwa wazi kwamba aliyemtesa ni pua yake aliyozaliwa nayo, na ile veranda ilimalizia tu.

Bulldog, Pug na French Bulldog wamezalishwa vizazi kwa vizazi ili uso uwe bapa. Mifupa ya uso ikafupika, nyama za ndani zikabaki na urefu wake: kaakaa laini linaziba njia ya hewa, tundu za pua ni nyembamba. Mbwa huyo ananyimwa chombo chake cha kujipoza siku anayozaliwa. Msimamo wangu sijawahi kuubadilisha: hawafai Malindi. Labda kwenye nyumba yenye eyakondisheni, na jenereta kwa zile siku za umeme kukatika, na mtu anayeshinda humo ndani mchana kutwa. Nyumba za namna hiyo zipo hapa mjini, ila ni chache, na hata humo namwonea huruma mbwa anayeishi miaka yake yote akiuangalia ufuo kupitia kioo.

Husky ni habari nyingine, ingawa mwisho wake unakaribiana. Watu wa Chukchi kule Siberia ndio waliomfuga avute sleji juu ya barafu. Ana manyoya ya tabaka mbili, na miguu inayotaka kukimbia maili na maili. Hapa mtu humfungia uani, mbwa anachimba, anaruka ukuta, analia usiku, kisha mwenye nyumba analalamika ameuziwa mbwa mkorofi. Wapo wanaomnyoa wakidhani wanampunguzia joto. Usimnyoe! Yale manyoya ndiyo yanayolikinga jua lisiifikie ngozi. Ukiyatoa unamwachia ngozi nyeupe iungue, na mengine huota vibaya au yasiote tena.

Japanese Spitz, yule mweupe mdogo ambaye siku hizi kila mtu Nairobi anaye, naye ana tabaka mbili, lakini ni mwepesi na huweza kuishi hapa kama nyumba ina upepo na kuna mtu wa kumchana kila siku. Nimeona anavyowafaa akina mama waliostaafu wanaoshinda nyumbani. Kwenye ploti ya vyumba vilivyopangana ukuta kwa ukuta, hapana. Hubweka kwa kila nyayo inayopita, na ploti haikosi nyayo.

Kuna jambo jingine ambalo kurasa za Wazungu kuhusu mbwa haziligusi, na kwetu linafuata joto kwa uzito. Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa Shela, nimekulia katika nyumba ambayo mbwa hapiti kizingiti, na wateja wangu wengi wana nyumba kama hiyo. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wa pwani tunayafuata, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Papo hapo mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba ameruhusiwa tangu zama za Mtume, na wanazuoni wengi wamemtia humo na wa kulinda nyumba. Na ni dini hiyo hiyo inayotusimulia habari ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji kwa ajili ya mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Familia inayoswali ina nafasi ya mbwa, mradi imchague kwa makini na ijue mapema atakaa wapi.

Kwa nyumba kama hizi cha kwanza ninachotazama ni mdomo. Boerboel wa Afrika Kusini na jamaa zake wenye midomo iliyolegea hutoa udenda, na wakitikisa kichwa ule udenda huruka ukutani, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye mkeka. Utakuwa unaosha kila siku, na baada ya mwezi chuki imeingia kati yenu. Chagua mbwa wa midomo iliyokaza. La pili ni tabia ya kutaka watu. Labrador ametoka kwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, Kanada. Alivitoa majini vitu ambavyo mwenzake mvuvi aliviangusha, na furaha yake ni kuwa ubavuni mwa mtu. Ukimweka nje ya mlango maisha yake yote huku anawasikia mnacheka ndani, unamwadhibu kwa kosa asilolijua. Nampenda sana Labrador, na kwa sababu hiyo huwaambia watu wa nyumba hizi wamwache.

Mfano mzuri wa mpango wenyewe ni kwa ami yangu, mwenye shamba la minazi na mikorosho upande wa Mambrui. Ana mbwa wa kienyeji, dume na jike, kwa sababu ya wezi wa nazi na ngedere. Kibanda chao kiko upande wa mashamba, mlango umegeukia upepo wa kusi, paa la makuti nene. Wana bakuli lao na ndoo yao, na mtu wa kuwalisha ni kijana wake wa shambani, baada ya isha, si kabla. Kati ya kibanda na nyumba kuna mstari wa mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa. Tangu walipokuwa wadogo ami alikuwa anasimama kwenye ule mstari na bakora yake chini, anawaambia "Hapo!" kwa sauti ya kawaida, na wakirudi nyuma wanapewa kichwa cha samaki. Hajawahi kumpiga hata mmoja. Leo wanamsindikiza ami na kanzu yake ya msikitini mpaka kwenye mawe, wanakaa chini, wanamtazama akiondoka. Mbegu inayofundishika hivyo ni ile isiyohitaji kukumbatiwa kutwa: mbwa wa kienyeji, na kwa mwenye shamba kubwa hata Rhodesian Ridgeback, mwenye manyoya mafupi na mstari mgongoni, ambaye sifa zake ziliandikwa rasmi Bulawayo mwaka 1922 na ambaye anastahimili jua kuliko wengi wa ukubwa wake.

Wengi wanaokuja dukani hawataki rafiki, wanataka ulinzi. Nawaelewa. Ukuta wa nyumba za huku ni mfupi, na soja akisinzia nyumba imebaki peke yake. Lakini tusikilizane kuhusu maana ya ulinzi. Kazi kubwa ya mbwa wa nyumbani ni kelele kwa wakati wake, ili mwizi ajue ameonekana na wewe uamke. Kazi hiyo mbwa wa kilo 15 anaifanya sawasawa na wa kilo 60. Kuuma ni kazi tofauti, inayotaka mkufunzi na mwenye mbwa anayejua kumshika. Na mara nyingi sana anayeumwa Malindi si mwizi. Ni kijana wa maji aliyeingia na mkokoteni, ni fundi, ni mtoto anayetoka madrasa wakati wa magharibi akafuata mpira uliovuka geti.

Rottweiler dume hufika kilo 50 hadi 60. Babu zake waliswaga ng'ombe wa wachinjaji katika mji wa Rottweil, Ujerumani, na akili yake ni ya kusimama mbele ya kitu kikubwa asirudi nyuma. Akiwa na mtu mtulivu, mwenye nguvu na mwenye muda, ni mbwa mwaminifu mno. Akiwa na kijana wa bustani anayemwogopa, na mwenye nyumba anayekuja mara mbili kwa mwaka, ni hatari inayosubiri siku yake. Nimekataa zaidi ya mara moja kuwaelekeza watu kwa muuzaji, na nitaendelea kukataa.

German Shepherd ndiye anayeulizwa kuliko wote, kwa sababu ya mbwa wa polisi. Afisa wa jeshi wa Kijerumani, Max von Stephanitz, ndiye aliyeianzisha mbegu hii rasmi mwaka 1899 kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo. Angalia ile kazi: kutwa nzima anazunguka kundi, anasoma kila anayekaribia, anaamua. Mfunge mwenye akili hiyo kwenye mnyororo wa mita mbili chini ya mwembe, kisha mfungue usiku kwenye uwanja mtupu. Atazunguka palepale mpaka nyasi ziishe, atabwekea majani, na siku moja atamrukia mtu. Mwenye kumtaka ajiulize kama nyumbani kuna mtu wa kumfundisha na kumtembeza asubuhi na jioni, alfajiri mpaka saa moja na tena jua linapokaribia kuzama, mwaka mzima. Kama mtu huyo yupo, German Shepherd aliyenyooka mgongo na mwenye mapaja mazima huishi vizuri hapa.

Pamoja na hayo kuna kupe. Sisi tunaouza dawa tunajua Malindi haina msimu wa kupumzika kupe. Yule kupe wa kahawia wa mbwa anaweza kumaliza maisha yake yote nyumbani: anashuka kwa mbwa, anapanda ukuta, anajificha kwenye nyufa za matumbawe na kwenye fito za makuti, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Huleta ugonjwa wa damu uitwao erlikiosisi: mbwa anakataa chakula, anakonda, ufizi unapauka, wakati mwingine pua inatoka damu. Kila mbwa anaweza kuupata, lakini German Shepherd wanajulikana kwa kuugua vibaya zaidi ya wengine. Kwa hiyo unapopiga hesabu ya bei yake, weka na dawa ya kupe ya kila mwezi, kwa maisha yake yote. Mwenye manyoya mafupi unamkagua kwa dakika chache: ndani ya masikio, katikati ya vidole, kwapani. Mwenye manyoya marefu unakagua nusu saa, na bado utamkosa mmoja.

Chakula nitakipitia haraka. Mbwa wa kilo 40 akila chakula kikavu cha dukani anamaliza kati ya gramu 400 na 500 kwa siku, yaani kilo 12 hadi 15 kwa mwezi. Akila ugali na dagaa au vichwa vya samaki, ni sufuria nzima ya pili jikoni kwako. Mfupa wa kuku uliopikwa usimpe, hupasuka vipande vikali. Kitunguu na chokoleti ni sumu kwake.

Wanaokaa karibu na ufuo wana mambo yao. Mbwa wa kunusanusa na kuokota, Labrador na Beagle wakiwa mbele, hula chochote kilichotupwa na maji, na huku kwetu maji hutupa bunju, samaki mwenye sumu. Sumu ya bunju haiishi kwa kukauka. Mbwa wa namna hiyo asitembee ufuoni bila kamba, hata awe mtiifu vipi. Vilevile wachimbaji: fuo hizi, tangu Malindi hadi Watamu, ndizo kasa wanazopanda kutaga usiku, na mbwa akigundua harufu ya kiota anayafukua mayai yote. Hifadhi zetu za bahari ziko tangu 1968, na itakuwa aibu kubwa kasa aliyenusurika nyavu za wavuvi amalizwe na mbwa wa nyumba ya likizo.

Na kwa walio Maweni, Kisumu Ndogo, Muyeye, popote ambapo kuku wa jirani wanapita kwako na mbuzi wa mwingine wamefungwa njiani, jihadharini na Jack Russell. Ni mdogo, anachekesha watoto, watu humchukua wakidhani udogo ni upole. Kasisi mmoja Mwingereza wa karne ya 19, John Russell, ndiye aliyemfuga ili aingie mashimoni kumtoa mbweha. Panya hawatakusumbua tena. Kuku wa jirani pia watakwisha, na utalipa mmoja mmoja, halafu ujirani utakuwa umekwisha kabla ya pesa.

Baada ya yote hayo mtu anaweza kufikiri kwamba ukishajua mbegu umeshamjua mbwa. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliowahoji wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kusoma vinasaba vya zaidi ya 2,000 kati ya mbwa hao. Walikuta kwamba katika tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine, mbegu inaeleza karibu asilimia 9 tu. Umbo ndilo linalofuata mbegu kwa uhakika: urefu wa pua, unene wa manyoya, uzito, udenda. Upole, woga, kupenda wageni, hayo hubadilika sana hata kwa ndugu wa tumbo moja. Niliposoma habari hiyo nilifurahi, kwa sababu inalingana na tunayoyaona mezani kwa daktari kila wiki: Rottweiler anayejificha nyuma ya mwenyewe akiona sindano, na mbwa wa kienyeji wa kilo 12 anayetaka kula mkono wa kila mtu. Kwa hiyo mbegu itumie kuchuja joto, ukubwa, manyoya na kazi. Tabia itazame kwa mbwa mwenyewe, na kwa mama yake.

Ndiyo maana kwa nyumba nyingi za Malindi pendekezo langu ni mbwa wa kienyeji. Nalisema kwa moyo mmoja, ingawa nawajua watu wanaoona ni kuwashusha hadhi. Tazama anavyoumbwa: kilo 12 hadi 20, manyoya mafupi, pua ndefu, miguu mirefu myepesi, masikio yanayosikia geti kabla yako. Hakuna aliyemchagulia umbo hilo. Wamelichagua jua, njaa na magonjwa kwa vizazi vingi. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2009 uliowapima mbwa wa vijijini Misri, Uganda na Namibia ulionyesha kwamba wengi wao ni wa ukoo wa humu humu Afrika, tofauti kabisa na machotara wa mbwa wa Kizungu. Ukoo huo ndio uliomtoa Basenji wa Kongo, mbwa asiyebweka kama wengine, ambaye Wazungu humnunua kwa pesa nyingi. Sisi jamaa zake tunawarushia mawe sokoni.

Asifikiri mtu kwamba wa kienyeji hahitaji kitu. Parvo, ugonjwa wa virusi wa kuharisha damu, inamuua kama wengine, minyoo inammaliza, na akilelewa kwa mawe atakuwa mwoga, na mbwa mwoga huuma. Akilelewa vizuri hulinda uwanja bila kufundishwa, hula kidogo, hukaa nje bila kuhuzunika, huzoea watoto na kuku aliokua nao, na bibi wa nyumba anaweza kumshika kamba asiangushwe.

Mama mmoja wa Barani alikuja akitaka Boerboel baada ya jirani kuvunjiwa. Mume yuko Mombasa wiki nzima, yeye anauza mahamri tangu alfajiri, nyumbani wanabaki bibi na wajukuu wadogo. Tukazungumza, akaenda Sabaki kwa watu waliokuwa na jike lililozaa. Nilimwambia asiangalie rangi. Akae chini kabisa mchangani, aache watoto wa mbwa waje wenyewe. Yule anayekimbia na kujibanza nyuma ya ndoo, amwache. Yule anayeng'ang'ania kidole na kuwapanda wenzake, amwache pia, maana nyumbani kuna watoto. Aangushe funguo: anayeshtuka, kisha akarudi kunusa, huyo ndiye. Halafu amwangalie mama yao anavyompokea mgeni. Alimchukua jike wa kijivu mwenye sikio moja lililolala, na bibi ndiye aliyechagua jina.

Hayo ya kumtazama mama yanahusu hata mbwa wa pesa nyingi. Muuzaji anayekutana nawe kituo cha matatu na mtoto wa mbwa ndani ya boksi, asiyetaka ufike kwake, ana kitu anachokuficha. Mwenye mbegu halisi ya kusajiliwa atakuonyesha karatasi za East Africa Kennel Club ya Nairobi na atakuuliza maswali mengi kuliko unayomuuliza. Na yupo mbwa mwingine wa kufikiriwa: mzima, mwenye miaka yake, aliyeachwa na mwenye nyumba wa msimu aliyerudi kwao asiwaze nani atamlisha Mei na Juni. Kila mwaka tunawaona, na inatuuma. Huyo umbo na tabia yake tayari unaviona, hakuna cha kubahatisha, na kwa familia isiyoweza kuamka usiku kwa ajili ya mtoto wa mbwa anafaa kuliko wote.

Vyovyote utakavyochagua, mtoto wa mbwa asitolewe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 au 14 ndipo anapojifunza dunia ina nini, kwa hiyo akifika kwako mwonyeshe mapema na kwa upole vitu vya maisha yako: bodaboda, ufagio, mtu wa buibui, mtu wa kofia, adhana kwenye spika, kuku. Mbebe mikononi mpaka amalize chanjo za parvo na za distempa, ugonjwa mwingine wa virusi, zinazoanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Kichaa cha mbwa achanjwe akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka, awe wa Casuarina au wa Sabaki. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa duniani huambukizwa na mbwa, na Kenya imejiwekea lengo la kuumaliza ugonjwa huo kufikia 2030. Lengo hilo halifikiki mpaka angalau asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa. Akikuuma mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kuona kama mbwa ataugua.

Siku ya chanjo mlete asubuhi, kabla ya saa tatu, na cheti chake usikiache nyumbani.